Besi ya Baba Flora

Jumapili, 15 Septemba

Leo naanza kuandika. Mwanangu Flora amemaliza chuo cha ualimu, amerudi juzi, na ameniletea daftari la jalada gumu. Kaniambia, "Mama, wewe una maneno mengi, mengine yaandike." Nimeipokea kama sifa. Nilipomaliza darasa la saba hapa Chilangala hakuna aliyenifikia kwa mwandiko, mvulana wala msichana. Akija mgeni shuleni, mimi ndiye niliyeitwa kuandika ubaoni "Karibu Mgeni". Sisemi kwa kujisifu, ndivyo ilivyokuwa.

Habari ya leo ni hii. Kigangoni kwetu kuna kinanda ambacho kila Jumapili hupigwa na Dastani, mwenyekiti wa kwaya, kwa kidole kimoja, kama mtu anayeonja chumvi. Leo Flora kakaa pale, kapiga kwa mikono yote miwili. Watu waligeuka mpaka shingo zikalia. Baada ya misa kwaya nzima ikamwomba awe mwalimu wao mpaka ajira yake itoke, awapeleke kwenye tamasha la kwaya kule Masasi, sikukuu ya Kristo Mfalme, mwezi wa kumi na moja. Kakubali.

Nikapita kwa jirani yangu Mama Mujibu kumpa habari, maana yeye ni Mwislamu, hakuwepo.

"Kipaji kile kakitoa kwangu," nikamwambia.

"Kwako? Mama Flora, wewe ukiimba kuku wangu wanaingia bandani saa sita mchana."

Tulicheka. Yeye alicheka zaidi.

Jumanne, 17 Septemba

Korosho zimeanza kudondoka. Mgongo nao umeanza.

Ijumaa, 20 Septemba

Mazoezi ya kwanza. Mimi si mwanakwaya, lakini mama wa mwalimu hawezi kukaa nyumbani. Nilipeleka uji, nikakaa benchi la nyuma.

Lazima nimweleze hapa mume wangu Ambrosi, Baba Flora, kwa sababu tatizo ni yeye. Anaimba sauti ya nne, besi, tangu kabla sijaolewa. Sauti anayo, hilo silikatai. Lakini hajui kuimba amesimama. Mama yake, marehemu Bibi Flora, alimfundisha nyimbo chini ya mikorosho wakiokota, na korosho haichumwi, inasubiriwa idondoke, kisha unaifuata chini. Kwa hiyo Baba Flora akianza wimbo anainama. Akifika katikati ya mstari mkono wake wa kulia unanyonga kitu kisichokuwepo, kama anatenganisha korosho na bibo, tunda lake. Halafu anainuka, na akiinuka anavuta pumzi, na pumzi yenyewe ni kama mtu anajaza upepo tairi la lori. Ndivyo anavyoimba shambani, na ndivyo anavyoimba mbele ya altare. Dastani, aliyemwachia Flora kinanda, amesimama nyuma yake, na kila wimbo anapigwa na makalio ya Baba Flora tumboni.

Leo Flora kapiga makofi, wakanyamaza.

"Baba," kasema, "naomba usimame wima."

Kila mtu akamtazama. Mimi nikaweka kikombe cha uji chini, maana Flora ana jina la bibi yake, na Baba Flora tangu azaliwe anamwita "mama". Hajawahi kumkatalia kitu wala kuamriwa naye mbele za watu.

"Ndiyo, mwalimu," akajibu.

Akasimama wima. Akaimba. Sauti ikatoka kama redio iliyoishiwa betri.

Jumamosi, 28 Septemba

Leo nimemkuta nyuma ya nyumba amesimama kama mlingoti, ndoo ya maji kichwani, anaimba. Nikamuuliza kama ana homa.

"Najifunza kusimama wima. Nikiinama, ndoo inamwagika."

"Hayo ni maji ya kunywa, Baba Flora! Nimeyatoa bondeni!"

Akageuka kunijibu. Yakamwagika.

Jumatano, 2 Oktoba

Flora ametunga wimbo wake mwenyewe wa tamasha, unaitwa "Mavuno ya Mfalme". Alikuwa akiuimba anakosha vyombo, nikaacha kupeta mbaazi. Nani mwingine katika tarafa hii ana mtoto anayetunga? Nimeuliza. Hakuna.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mazoezi. Baba Flora amesimama wima na amepotea tangu mstari wa kwanza mpaka amina. Halafu akajisahau, akainama, akampiga Dastani. Dastani kasema, "Mzee Ambrosi, mimi hapa si ukuta wa ghala." Nyumbani sasa Baba Flora amezoea hadi mezani: "Mwalimu, nipitishie kisamvu." Flora anampa, hacheki. Mimi nacheka kwa niaba ya wote.

Ijumaa, 18 Oktoba

Leo sina raha, lakini nitaandika yote.

Dastani alikuja na simu yake mpya na spika ndogo. Kasema mazoezi yaliyopita alirekodi kwa siri, ili "tujisikie wenyewe kama majaji watakavyotusikia". Akabonyeza. Zikatoka sauti za akina mama, tamu kabisa, nikafumba macho. Halafu ikaja *hhhuuuu!* Kidogo tena: *hhhuuuu!* Wakaanza kucheka. Hata katekista, mtu wa makamo anayejiheshimu, alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo.

Baba Flora naye alicheka, tena kuliko wote, akajipiga paja. Kisha akauliza, "Sasa huyo ni nani?"

Dastani akabonyeza tena.

Ikalia tena, *hhhuuuu*, na nikamwona mume wangu anajisikiliza. Kicheko kikamtoka usoni polepole, kama mtu anayevua kofia.

Dastani kasimama, kaweka mkono kifuani. "Mzee wetu tunampenda. Lakini majaji wa Masasi hawamjui. Mimi naona tumpe kazi ya heshima. Awe msimamizi wa sare."

Watu wakamtazama mwalimu. Mwalimu akatazama kinanda. Akagusa kitufe kimoja, hakikulia. Mwishowe akasema bila kuinua macho, "Baba, Masasi utatusindikiza. Utasimamia sare."

"Ndiyo, mwalimu," akasema Baba Flora.

Na mimi nilitikisa kichwa kukubali. Nilisema moyoni, afadhali, mwanangu hataaibishwa mbele ya watu wa mjini. Tulirudi watatu. Baba Flora alitembea wima kabisa.

Jumatatu, 21 Oktoba

Tumeokota tangu asubuhi, Baba Flora kimya. Si kimya cha kununa. Alinisalimia, alinitania kidogo kuhusu kilemba changu, alikula muhogo akashiba. Ila hakuimba. Mimi nikawa naokota kama mtu aliyepoteza sindano: huku mbili, kule moja, naenda mti huu narudi ule ule. Kufika mchana ndoo haikufika nusu.

Mara nikamwona Mama Mujibu anavuka mpaka wa shamba lao, mbio, kanga ameshika mkononi.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Kwa nini?"

"Baba Flora mbona haimbi? Tangu asubuhi kwetu kazi haiendi. Mume wangu Bwanali kakaa chini ya mti anasema anasubiri jirani aanze. Wanangu wameokota mpaka mabibo yaliyooza. Mama Flora, mzee anaumwa?"

"Kapumzishwa kwaya. Na Flora."

Mama Mujibu alifunga kanga yake kiunoni. Alimtazama Baba Flora kule mbali, ameinama peke yake, kisha akaniambia, "Sisi miaka yote tunaokota kwa sauti ya mtu wa kanisani na hatujawahi kulalamika. Halafu nyinyi wenyewe mnamtoa?"

Nikatafuta la kumjibu. Nilikosa. Imeandikwa: mimi nilikosa la kujibu.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mazoezi bila Baba Flora. Dastani amechukua nafasi yake, amesimama wima kama askari wa benki. Walianza vizuri. Mstari wa pili wakakitangulia kinanda. Mstari wa tatu ni mrefu, una "Mfalme" tatu ndani yake, na hapo akina mama walikata pumzi mmoja baada ya mwingine, kila mtu mahali pake. Mmoja alikohoa. Wakarudia. Wakafa tena palepale.

"Ni kinanda," kasema Dastani.

"Si kinanda," kasema Flora.

Wakarudia mpaka uji wangu ukawa ugali.

Jumatano, 30 Oktoba

Flora kaja shambani leo, bila kuambiwa, kavaa gauni kuukuu. Kamsalimia baba yake, "Shikamoo baba." "Marahaba, mwalimu." Kachukua ndoo, kainama mti wa jirani na wake. Mimi nilijifanya nachambua, masikio yakiwa kwao.

Kidogo Flora akaanza kuimba ule wa kwao wawili, alioimbiwa kabla hajaota meno. Baba huuliza, "Chini kule kuna nini?" na mtoto hujibu, "Kuna yangu, kuna yako." Leo aliuliza yeye Flora.

"Chini kule kuna nini?"

Baba yake akaokota.

"Chini kule kuna nini?"

"Kuna siafu mti huo," akasema Baba Flora. "Angalia miguu."

Flora akaruka, akapangusa miguu, akacheka, halafu nikaona hacheki tena, anajifuta macho kwa kiwiko maana mikono ina utomvu wa bibo.

"Baba, wanakufa," kasema.

"Nani?"

"Sauti ya kwanza. Mstari wa tatu wote wanakata pumzi. Ulipokuwepo hawakukata. Nimekaa na karatasi siku nne sielewi, na sasa hivi nimekuona hapo unainuka nikaelewa. Walikuwa wanapumua ukipumua wewe."

"Mimi napumua tu nikichoka, mama."

Kamwita mama. Nilisikia.

"Na wimbo wenyewe," Flora akaendelea, "mimi nilidhani nimeutunga kwa ujuzi wa chuoni. Kumbe mistari yote urefu wake ni kuinama, kunyonga na kuinuka. Nimeutunga wimbo kwa pumzi yako halafu nikakutoa. Baba, rudi."

Baba Flora alinyonga korosho, akatupa bibo. Kisha akasema kwa upole, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu mume wangu akikasirika hupiga kelele na mambo yanaisha. "Nimekwisha kubali kazi ya sare. Waliocheka wataniona narudi nimebembelezwa na binti yangu. Acha niwasindikize."

Flora aliokota nasi mpaka jioni. Hakubembeleza tena. Ukaidi huo sijui kautoa kwa nani.

Jumanne, 5 Novemba

Manyunyu. Tumeanua korosho mbio mbio. Hakuna wimbo.

Jumamosi, 9 Novemba

Leo nitaandika mpaka wino uishe!

Kwaya zetu zikitaka nauli huenda kuokota korosho za mtu, naye huwachangia. Alhamisi Flora katangaza kwamba Jumamosi kwaya yote inaokota, na shamba la kuokota ni la Mzee Ambrosi. Baba yake alipoambiwa akasema, "Karibuni, kazi ni kazi." Hakushuku kitu. Mimi nilishuku, nikapika mbaazi za nazi nyingi nikanyamaza. Mnajua jinsi ilivyo taabu kwangu kunyamaza.

Wakaja asubuhi, wakatawanyika kama kuku waliofunguliwa. Nyinyi mnaosoma, kama hamjawahi kuona watu thelathini wanaokota bila mpango, mshukuru. Huyu anaacha nusu ya mti, yule anarudia palipookotwa, wawili wanagongana vichwa. Mmoja anatia korosho ndooni na bibo lake. Dastani alikuwa anaokota amesimama, anachuchumaa kidogo kama anayeogopa kuharibu suruali, anachukua moja, anaitazama.

Na Flora? Kakaa na ndoo yake pembeni, anaokota vibaya kuliko wote. Kwa makusudi! Mtoto niliyemlea mimi anapita juu ya korosho kama haioni!

Baba Flora alikuwa kwenye mti wake, anavumilia. Nilimwona shingo. Kila ndoo ikidondoka, shingo inaruka. Mmoja akapiga mti fimbo ili zidondoke mbichi, hapo akafumba macho. Akasaga meno. Akasema maneno ya Kimakonde nisiyoweza kuyaandika kwenye daftari alilotoa mwanangu. Kisha akashindwa.

"CHINI KULE KUNA NINI?"

Ndege waliondoka mtini. Kwaya nzima ilisimama. Na Flora, upesi, kabla baba yake hajajirudi:

"Kuna yangu, kuna yako!"

"Inameni basi! Chini kule kuna nini?"

Wakajibu wote. Wakainama wote. Mstari ukajipanga wenyewe, mti kwa mti, wanainama pamoja, wananyonga pamoja, na wakiinuka, *hhhuuuu*, watu thelathini kwa mkupuo. Ng'ambo ya mpaka nikasikia Bwanali anapiga kelele, "Haya! Kaanza! Inukeni!" na familia yote ya Kiislamu ikaanza kazi.

Walipozoea, Flora katikati ya uokotaji akabadilisha, akaingiza "Mavuno ya Mfalme". Baba yake aliinama nao bila kufikiri. Ukaja mstari wa tatu, "Mfalme" ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hakuna aliyekohoa. Wakaumaliza wakiwa wima na pumzi imebaki.

Kisha ukasikika mchaniko. Ni suruali ya Dastani, aliyeinama kwa bidii ya mgeni wa kazi.

Hakuna aliyecheka kwanza kwa heshima ya mwenyekiti. Baba Flora akamtazama, akasema, "Mwenyekiti, usijali. Mimi ndiye msimamizi wa sare."

Tulianguka. Dastani mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini, na ilimlazimu akae muda mrefu. Kutoka hapo chini kasema, "Mzee, rudi besi. Mimi mgongo huu siuwezi."

"Mwalimu ndiye anayepanga," akajibu Baba Flora.

"Mwalimu ameshapanga," akasema Flora. "Simama mbele, baba. Na uiname."

Ijumaa, 15 Novemba

Wote wanainama sasa. Katekista kauliza kama ni liturujia. Flora kamwambia ni mavuno.

Jumapili, 24 Novemba

Masasi. Nimerudi, miguu imevimba, naandika nikiwa nimeiloweka kwenye beseni.

Tulishuka mapema, ukungu bado umelala kwetu juu Newala, na kule chini Masasi jua limewaka kwenye majabali kama mtu kasahau kulizima. Watu wa mji ule! Bodaboda, korosho kwenye malori, watu wamevaa. Sisi sare zetu ni kitenge cha kahawia na njano, nimezipiga pasi mimi, na sikuona kwaya iliyonyooka kutushinda.

Waliotutangulia walikuwa watu wa Tandahimba, wenye gitaa la umeme. Walisimama kama picha. Halafu tukaitwa sisi.

Flora aliinua mikono. Baba Flora mbele, akainama. Wote wakainama. Ukumbi ukacheka. Nikataka kusimama niwaambie wao ni akina nani. Mwanamke wa pembeni yangu, nisiyemjua, akaniuliza, "Hao wanatafuta nini chini?" Nikamjibu, "Dada, ngoja."

Flora alisikia kicheko, maana niliona mabega yake yameshtuka. Alimtazama baba yake. Na baba yake, aliyewahi kuchekwa akanyamaza wiki tatu, safari hii aliinuka na pumzi yake yote, *hhhuuuu*, bila kuificha hata kidogo, akashuka tena. Flora akateremsha mikono. Akaacha kuongoza. Akainama naye.

Sasa watu wa Masasi nao ni waokotaji kama sisi. Mstari wa pili hakuna aliyecheka. Mstari wa tatu nilisikia ukumbi wote unavuta pumzi pamoja na mume wangu. Yule mwanamke wa pembeni mkono wake ulikuwa unanyonga hewa, na sidhani alijua.

Tulipata nafasi ya pili. Wa kwanza ni wale wa gitaa, sawa, gitaa si pumzi. Jaji mkuu, mtu wa miwani, akasimama na kusema kwamba kitaalamu pumzi ya besi haitakiwi kusikika, na kwamba leo angehuzunika kama asingeisikia. Kisha akauliza, "Mwalimu wa kwaya hii ni nani?"

Baba Flora akamwonyesha Flora. Flora akamwonyesha baba yake. Katikati yao Dastani akanyoosha mkono.

Mimi nilikuwa nimeshasimama juu ya kiti. "Huyo mume wangu!" nikapaza sauti. "Na huyo mwanangu! Kipaji kakitoa kwa baba yake!"

Ndiyo, nilisema. Ukumbi mzima ni shahidi, na Mama Mujibu atasikia kabla ya kesho, kwa hiyo bora niandike mwenyewe. Masikio, hata hivyo, kayatoa kwangu.

Jumatatu, 2 Desemba

Mikorosho imebaki majani. Mvua imenyesha kweli leo, tumeshinda ndani. Flora kamkosoa baba yake tena, mezani, kwamba kwenye ule wimbo mpya wa Noeli anachelewa nusu pigo.

"Sichelewi," kasema Baba Flora. "Nyinyi mnawahi."

"Baba, mimi ndiye mwalimu."

"Na mimi ndiye niliyekufundisha kuhesabu, mama. Imba tena."

Wakaimba. Wakabishana. Wakaimba, huyu anapiga meza, yule anapiga sufuria, mpaka samaki akapoa na hakuna aliyemkumbuka. Sikuingilia. Nimekula wangu, nikala na wa Flora.